Glavu za baiskeli kwa mfuko mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara mtu anapotaka glavu zake za kwanza na pesa haitoshi. Tumeanza na ya msingi. Kama unajua tayari unachotafuta, ruka hadi sehemu ya glavu mbadala. Huko ndiko pesa nyingi inakookolewa.

## Kabla hujatoa pesa

Je, ni lazima nivae glavu?

Si lazima. Safari ya dakika 15 kwenda kazini na kurudi haihitaji glavu, na wapo walioendesha maisha yao yote mikono mitupu bila tatizo. Helmeti na breki zinazoshika huja kwanza. Kama bado hujamaliza hayo mawili, glavu zisubiri.

Zinaanza kuwa na maana ukikaa juu ya tandiko kwa zaidi ya saa moja, ukipita njia ya mawe inayotikisa baiskeli mpaka meno, ukiwa na viganja vinavyotoka jasho jingi, au kukiwa na baridi.

Kazi ya glavu ni nini hasa?

Ni nne: kuzuia mkono usiteleze, kulinda ngozi ukianguka, kupunguza mtikisiko na mgandamizo kwenye kiganja, na kukinga baridi au mvua. Ukitaka zote nne kwenye jozi moja utalipa sana, na bado hutaridhika. Mwenye bajeti ndogo achague kazi moja au mbili anazozihitaji kweli, kisha atafute glavu inayofanya hizo tu. Karibu kila jibu lililobaki hapa linatokana na hilo.

Zinasaidia kweli mtu akianguka?

Kwa ngozi, ndiyo. Mtu akianguka hutanguliza mikono bila kufikiri, na kiganja ndicho kinachokutana na lami kwanza. Mimi niliwahi kuanguka kwenye kona yenye kokoto, mwendo wenyewe mdogo wa kutia aibu. Glavu ya kulia ilichanika chini ya kidole gumba, ngozi ndani ikabaki salama. Ya kushoto nilikuwa nimeivua dakika chache kabla ili nipokee simu. Mkono huo ulichubuka kiganja kizima, na kwa wiki nzima niliosha vyombo kwa mkono mmoja.

Kwa mifupa, usijidanganye. Glavu ya kawaida haizuii kuvunjika kwa kifundo cha mkono, hata iwe nene vipi. Ukianguka kisha ukabaki na maumivu upande wa kidole gumba, pale kwenye kishimo chini yake, nenda ukapigwe picha hata kama hakuna uvimbe mkubwa. Kuna kifupa kidogo hapo ambacho ufa wake hujificha, na kikiachwa hivyo huunga vibaya.

Vidole vyangu vinakufa ganzi. Nikinunua zenye jeli nyingi itaisha?

Huenda ikaisha, na huenda ikazidi. Angalia kwanza ni vidole gani. Kikiwa kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, inayobanwa ni neva ya alna. Hupita chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, ndani ya njia nyembamba iitwayo mfereji wa Guyon, kwa jina la daktari wa upasuaji Mfaransa aliyeieleza mwaka 1861. Hapo hakuna nyama nyingi ya kuikinga, na ndipo wengi wetu tunapoegemeza uzito wote wa kifua. Vikiwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayolalamika ni neva nyingine inayopita katikati ya kifundo, na mara nyingi sababu ni kifundo kilichokunjwa muda mrefu.

Mto mdogo uliokaa mahali pake husaidia neva ya alna. Mto mnene uliokaa kando huisukuma zaidi. Isitoshe, glavu nene hufanya usukani uwe mnono mkononi, unalazimika kukaza vidole, na ganzi inarudi kwa mlango mwingine.

Kabla ya kununua chochote, jaribu haya yasiyo na gharama. Tazama tandiko: likiwa limeinamia mbele, mwili unateleza na mikono inageuka breki ya kiwiliwili. Lilaze sawa. Inua usukani kidogo kama unaruhusu. Kunja viwiko kidogo, nyoosha vifundo, badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, bila kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Nawajua watu waliokuwa na jozi tatu za glavu za jeli na shida yao ilikuwa boliti moja ya tandiko.

Pesa inatosha kitu kimoja: glavu au raba mpya za usukani?

Kama raba za sasa zimekuwa ngumu, zinazunguka au zinanata, badilisha hizo. Raba nzuri hufanya kazi kila siku, hata ukisahau glavu nyumbani. Kama raba ni nzima na tatizo lako ni jasho, baridi au hofu ya kuchubuka, nunua glavu.

## Kuchagua jozi

Napimaje saizi yangu?

Chukua utepe wa fundi nguo, zungushia kiganja pale penye upana zaidi, chini kidogo ya vifundo vya vidole, bila kuhesabu kidole gumba. Huna utepe? Tumia kamba ya kiatu kisha uipime kwa rula. Pima mkono unaoutumia zaidi, kwa kawaida ndio mkubwa.

Kwenye glavu nyingi za kazi, namba ya saizi ni mzunguko huo kwa inchi: saizi 7 ni kama sentimita 18, saizi 8 kama sentimita 20, saizi 9 kama sentimita 23, saizi 10 kama sentimita 25. Za baiskeli hutumia herufi, na herufi hizo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Usinunue kwa herufi. Tafuta jedwali la vipimo la bidhaa yenyewe.

Nitajuaje kama imenikaa vizuri?

Vaa, kisha shika kitu cha mviringo chenye unene wa usukani. Mpini wa ufagio unatosha. Fungua na ufunge ngumi mara kumi. Ngozi ya kiganja ikijikunja na kufanya mikunjo, ni kubwa, na mikunjo hiyo ndiyo itakayoleta malengelenge. Ikikuvuta katikati ya vidole, au ukiona alama nyekundu baada ya kuvua, ni ndogo. Mara nyingi mtu hukosea kwa kuchukua kubwa, akidhani kubana kidogo ni kasoro. Glavu mpya inapaswa kubana kidogo, kwa sababu italegea.

Saizi iliyokaa sawa kwenye glavu ya bei ya chini inaishinda glavu ghali iliyopwaya. Ukikumbuka jambo moja dukani, kumbuka hilo.

Vidole nusu au vidole kamili?

Vidole nusu kwa joto na barabara ya lami: mkono unapumua, unashika gia na simu bila shida, na bei kwa kawaida iko chini. Vidole kamili kwa baridi, njia za msituni zenye matawi, na kwa yeyote anayeanguka mara kwa mara. Ukiweza kununua jozi moja tu na hali ya hewa yako hubadilika, chukua vidole kamili vyembamba. Ukisikia joto utavua. Ukisikia baridi huwezi kuotesha vidole vilivyokosekana.

Jeli au sponji?

Sponji ni nyepesi na nafuu, ila hubonyea moja kwa moja baada ya muda. Jeli hukaa muda mrefu zaidi, na baadhi huhama kutoka mahali pake. Bonyeza kwa kidole gumba dukani: mto mzuri unarudi juu taratibu, na husikii mfupa wa kidole chako upande wa pili. Mto wenyewe uwe umegawanyika vipande, na mfereji katikati ya kiganja. Bonge moja lililofunika kiganja chote ni la kupendeza kwenye picha tu.

Ni vitu gani nisilipie?

Mabamba magumu ya plastiki juu ya vidole, kama hupiti msituni. Maandishi makubwa ya chapa. Rangi za timu. Maelezo ya "teknolojia" yenye majina marefu yasiyosema ni kitambaa gani.

Vinavyostahili pesa ni vinne: mshono wa kiganja ulioshonwa mara mbili, kipande cha kitambaa cha taulo mgongoni mwa kidole gumba cha kufutia jasho (na pua, tuseme ukweli), ngozi au ngozi bandia iliyoongezwa kati ya gumba na kidole cha shahada, na vishikio vidogo kati ya vidole vya kuvutia wakati wa kuvua. Bila hivyo vya mwisho utakuwa unageuza glavu nje ndani kila siku, na mishono itaachia.

## Kununua kwa bei ndogo

Ni wakati gani bei hushuka?

Msimu ukiisha. Glavu nzito hushushwa bei baridi inapoondoka, na za vidole nusu joto linapoisha. Saizi zinazobaki ni zile za pembeni, ndogo sana na kubwa sana, kwa hiyo mwenye mkono mdogo ana bahati hapa. Pia angalia toleo la mwaka uliopita: mara nyingi kilichobadilika ni rangi.

Naweza kununua za mtumba?

Unaweza, na ni njia nzuri kwa watoto na kwa glavu za baridi ambazo mwenyewe alizivaa mara mbili akazisahau. Kagua hivi: inua kiganja kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya, achana nayo. Bonyeza mto, usiporudi, umekufa. Fungua na funga velkro mara kadhaa. Vuta lastiki ya kifundo usikilize. Ikitoa mlio wa kukatika nyuzi ndani, imezeeka. Nusa. Harufu ya jasho huondoka kwa kuoshwa, harufu ya ukungu ni ngumu. Zioshe kabla ya kuvaa kama ilivyoelezwa chini.

Nanunua mtandaoni bila kuzigusa. Niangalie nini?

Picha ya kiganja. Muuzaji anayeonyesha mgongo wa glavu peke yake anakuficha sehemu inayofanya kazi. Kisha maoni ya wanunuzi: yaruke yale ya "zimefika haraka, asante" na tafuta ya mtu aliyezitumia miezi kadhaa, hasa waliotoa alama za katikati. Hao ndio husema mshono gani uliachia na saizi inakaaje. Mwisho, masharti ya kurudisha. Kama gharama ya kurudisha inakaribia bei ya glavu, hesabu kwamba hutarudisha.

Chapa maarufu kwa robo ya bei: ni bahati?

Karibu kila mara ni bandia. Si lazima iwe mbovu, lakini unalipia jina ambalo halipo, na hakuna wa kumlalamikia. Kwa pesa hiyo hiyo nunua glavu isiyo na jina, kwa muuzaji asiye na haja ya kudanganya.

## Glavu mbadala

Glavu za kazi za mikono zinafaa kwa baiskeli?

Hili ndilo jibu ninalolipenda kuliko yote: ndiyo, na mara nyingi ni bora kuliko glavu za baiskeli za bei hiyo hiyo. Tafuta zile za kufumwa, nyembamba, zenye kiganja kilichopakwa nitraili (aina ya mpira wa kiwandani) au mpira asilia. Zinashika vizuri hata mkono ukiwa na maji, zinastahimili kusuguliwa kwa sababu zimetengenezwa kwa watu wanaobeba matofali, na hazina mshono kiganjani wa kukukereketa.

Nyingi zina alama ya kiwango cha Ulaya EN 388: ngao yenye picha ya nyundo na mstari wa namba chini yake. Namba ya kwanza ni ustahimilivu wa kusuguliwa, kuanzia 0 hadi 4. Kwa anayewaza kuanguka kwenye lami, hiyo ndiyo namba ya kutazama. Chukua 3 au 4. Ya pili inahusu kukatwa na kitu chenye makali, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa, na kwa baiskeli hizo si muhimu sana.

Kasoro yake: hakuna mto, na kiganja hakipumui, hivyo jua kali litakuchemsha mikono. Kama shida yako ni ganzi, rudi kwenye swali la vidole kufa ganzi hapo juu.

Za kunyanyulia vyuma? Za pikipiki? Za golikipa?

Za kunyanyulia vyuma zinafanana kwa macho, lakini mto wake umewekwa kwenye mzizi wa vidole, maana ndipo chuma kinapokaa. Mwendesha baiskeli huegemea chini ya kiganja. Zinafaa kwa kuzuia kuteleza tu. Za pikipiki zinalinda vizuri sana ila ni nzito, na kidole hakisikii breki vizuri. Zijaribu kwenye mkono wa breki kabla ya kuzitegemea. Za golikipa, hapana: sponji yake laini italiwa na usukani kwa siku chache.

Naweza kukata vidole vya glavu kamili?

Za ngozi, ndiyo. Ngozi haifumuki, ila mshono wa ubavuni utafumuka, kwa hiyo kata kisha piga mishono mitano au sita ya kufunga pale uzi unapoishia. Kata ukiwa umeacha sentimita moja zaidi ya unavyotaka. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Za kufumwa zitaanza kufumuka siku hiyo hiyo, labda upinde ukingo na kuushona. Za nitraili usizikate, zitakunjamana.

## Mvua na baridi

Glavu za kuzuia maji ni ghali. Kuna njia nyingine?

Vaa glavu nyembamba za kutupa, za nitraili kama wanazovaa wahudumu wa afya, kisha vaa glavu zako za kawaida juu. Upepo na maji havifiki kwenye ngozi. Mikono itatoka jasho, lakini jasho lenye joto linavumilika kuliko mvua ya baridi. Zikaushe baada ya safari na utazitumia tena mara kadhaa.

Kwa baridi kavu, tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene, kwa sharti kwamba ya juu iwe kubwa kidogo. Glavu ikibana, damu inapungua vidoleni na utasikia baridi zaidi kuliko ungekuwa na glavu moja.

Glavu zimelowa chapachapa na kesho nazihitaji.

Zizungushe kwenye taulo kavu, kamua kwa kukandamiza bila kusokota, kisha zijaze karatasi za gazeti na ubadilishe karatasi baada ya saa moja au mbili. Usiziweke kwenye jiko wala hita.

## Kuzitunza zidumu

Nazioshaje?

Zivae. Washa bomba la maji ya baridi au vuguvugu, paka sabuni ya kawaida, na nawa mikono kama unavyonawa siku zote, ukisugua kiganja kwa kiganja. Sugua zaidi pale kwenye taulo la gumba. Suuza mpaka maji yatoke safi, vua, kandamiza, funga velkro ili isinase kitambaa, anika kivulini. Jua kali hukausha lastiki na kupasua ngozi bandia. Dawa ya kung'arisha na ya kulainisha nguo ziache kabatini.

Harufu ikigoma, loweka nusu saa kwenye maji yenye siki kidogo kabla ya kuosha.

Mshono umeachia. Nitupe?

Bado. Sindano na uzi wa nailoni vinatosha. Uzi wa kusafishia meno ni mgumu zaidi na hauozi. Kiganja kikitoboka, kata kiraka kwenye tyubu kuukuu, paka gundi ya pancha, kisha shona ukingo wote, kwa sababu gundi peke yake haitadumu kwenye kitu kinachokunjwa kila dakika. Zitupe mto ukishalala kabisa au ngozi ikianza kuteleza.

## Maswali ya pembeni

Mikono inawasha na kutoka vipele kila nikizivaa.

Huenda ni mzio. Mpira asilia ni mmoja wa watuhumiwa, na chumvi za kromu zinazotumika kulainisha ngozi ya mnyama ni mwingine. Osha glavu mara mbili kwanza, maana wakati mwingine ni rangi tu. Ikiendelea, hamia kwenye kitambaa na ngozi bandia, au nitraili badala ya mpira.

Simu haisikii kidole nikiwa na glavu kamili.

Kioo cha simu husikia umeme mdogo wa mwili. Shona mishono michache ya uzi unaopitisha umeme kwenye ncha ya kidole cha shahada, uzi uguse ngozi ndani na kioo nje. Au simama uvue, ila soma kisa changu hapo juu kwanza.

Mtoto avae saizi ndogo ya watu wazima?

Hapana. Vidole vyake ni vifupi kuliko upana wa kiganja unavyoonyesha, na ncha tupu zitanasa kwenye breki. Vidole nusu, saizi ya watoto, na mtumba unatosha.

Nimebadilisha kila kitu, ganzi haiondoki.

Ikikaa siku kadhaa bila kuendesha, ukishindwa kutanua vidole, au vitu vikikuponyoka, acha baiskeli na umwone daktari. Neva iliyobanwa muda mrefu huchelewa kupona, na hakuna glavu ya kutibu hilo.

Nimepoteza moja. Nifanye nini na iliyobaki?

Itunze. Kiganja chake ndicho kiraka bora cha jozi inayofuata, na velkro yake itafunga pampu kwenye fremu.